Kushusha kolestro bila dawa: anzia kwenye sufuria, sio kwenye limau

Mwaka jana mama yangu alipima damu kwa ajili ya mambo mengine kabisa, kizunguzungu cha hapa na pale, majibu yakaja na LDL, ile kolestro mbaya, 4.2. Dokta akamwambia leo sikupi dawa, kabadilishe chakula urudi baada ya miezi mitatu. Basi, hakuna karatasi wala maelezo. Tukifika mtaani kila mtu ana lake, mara maji ya moto na limau kabla hujala kitu, mara vitunguu swaumu punje saba, mara mlonge, mara siki na tangawizi. Pale nyumbani mpishi ni mimi kwa hiyo mzigo ukawa wangu, nikasoma sana na kuuliza sana, na ninachoandika hapa ni tulichofanya sisi na kwa nini kinafanya kazi, ili usipoteze zile wiki za mwanzo kama tulivyozipoteza sisi.

Kabla ya yote soma ripoti yako vizuri. Watu wanaangalia kolestro ya jumla tu halafu wanaogopa au wanajipa moyo bure, wakati namba ya kufuatilia ni LDL, hiyo ndo inayojipenyeza kwenye kuta za mishipa na kujenga utando. HDL ni ile nzuri, na trigliseridi ni mafuta ya kwenye damu yanayopanda sana kwa sukari, wanga mwingi na pombe. Kwa mtu ambaye hana ugonjwa mwingine tunataka LDL chini ya 3, trigliseridi chini ya 1.7, HDL iwe juu ya 1 kwa mwanaume na juu ya 1.2 hivi kwa mwanamke. Hizo ni za kipimo cha mmol/L. Ukikuta ripoti imeandika LDL 162 usishtuke, hiyo ni kwa kipimo kingine, mg/dL, gawanya kwa 38.67 utapata ileile 4.2 ya mama.

Na hapa naomba nieleweke vizuri sana. Kama LDL yako ni 4.9 au zaidi, au ulishapata kiharusi au shambulio la moyo, au una kisukari, chakula peke yake hakikutoshi, kaa na daktari. Vilevile kama kwenu kuna wanaume walioshambuliwa na moyo kabla ya miaka 55 au wanawake kabla ya 65, inaweza kuwa ya kurithi, yaani ini lenyewe tangu mtu anazaliwa haliwezi kuivuta LDL kutoka kwenye damu sawasawa. Muulize pia daktari kuhusu tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikiwa inafanya kazi kwa uvivu kolestro inapanda hata ukila majani matupu. Na kama tayari unameza dawa, tafadhali usiziache kwa sababu ya kitu ulichosoma mahali, hata hiki changu.

Haya, twende jikoni.

Kolestro nyingi iliyoko mwilini haitoki kwenye sahani, ini linaitengeneza lenyewe. Ini hilohilo lina kama milango ya kuivuta LDL irudi ndani, na mafuta yanayoganda ukiyala kila siku yanapunguza hiyo milango, LDL inabaki inazunguka kwenye damu. Ndo maana yai moja kwa siku kwa watu wengi halina shida kubwa kihivyo, shida ni lile bwawa la mafuta ambalo yai na chips zimeogelea. Samli, mafuta meupe ya nyama, mafuta ya mgando ya kopo, ngozi ya kuku, hayo ndo ya kuanza kuyatoa. Mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni ya aina hiyohiyo, mawese karibu nusu, alizeti ni kama asilimia 11 tu.

Sasa kuna kitu kilinishangaza. Yale mafuta ya dukani, ya njano, maangavu kwa macho, mengi ni ya mawese yaliyochujwa, na chupani kwa herufi kubwa wameandika hayana kolestro. Ni kweli hayana, hakuna mafuta yoyote ya mmea yenye kolestro, kwa hiyo hayo maneno hayakusaidii chochote. Geuza chupa usome yametengenezwa na nini. Sisi tulihamia alizeti ya Singida, bei iko juu kidogo, ila tukaacha kumimina kutoka kwenye dumu tukaanza kupima kwa kijiko cha chakula, viwili kwa sufuria ya mboga ya watu watano, na mwisho wa mwezi hela ikawa ileile.

Nazi ndo ilikuwa vita. Mama ni mtu wa Pangani, kisamvu bila tui kwake ni kama umemtukana. Sikumkataza, nilihamishia nazi siku ya Ijumaa tu, na natumia tui jepesi, lile zito siweki. Siku nyingine kisamvu na mchicha naweka karanga za kusaga, ladha inakuja nzito vilevile na mafuta yake ni ya upande mzuri. Wiki ya kwanza alinuna. Ya tatu akaniuliza hizi karanga umekaanga kidogo kabla ya kusaga eh, nikajua tumeshavuka.

Supu usiiache, ichuje. Ipike usiku, iache ipoe, weka kwenye friji, asubuhi utakuta juu kumeganda tabaka jeupe, litoe lote na kijiko ndo upashe. Nilipomwonyesha mama lile tabaka kwenye bakuli hakuhitaji maelezo tena. Maziwa ni hivohivo, chemsha, poza, toa malai. Badala ya maandazi, vitumbua na sambusa za kila asubuhi tukaweka viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha na magimbi, maandazi yakabaki ya wageni.

Kahawa nayo, hii wengi hawaijui. Ile ya kuchemshwa kwenye dele ya vibarazani ina kitu kinaitwa kafestoli, kinapandisha LDL kweli, na mtu anayepiga vikombe vitano sita kila jioni kinamhusu. Kahawa iliyopita kwenye chujio la karatasi inakiacha humo kwenye karatasi. Kwa hiyo mjomba wangu, ambaye kahawa haachi, kanunua chujio.

Ukitoa lazima uweke, na hapa ndo watu wengi wanaharibu. Wanaacha nyama na mafuta halafu wanaongeza mlima wa ugali wa sembe, wali mweupe na soda, wanarudi kupima LDL imeshuka kidogo ila trigliseridi imeruka juu. Cha kuweka ni nyuzi laini za kwenye vyakula vya mimea, zile zenye ute. Ini linatumia kolestro kutengeneza nyongo, nyongo inashuka tumboni kusaga mafuta, kawaida nyingi inafyonzwa tena na kurudi. Ule ute unaikamata na kutoka nayo chooni, ini linalazimika kuvuta kolestro nyingine kutoka kwenye damu litengeneze nyongo mpya. Hiyo ndo siri yote ya bamia. Mwaka 2003 daktari mmoja wa Toronto, David Jenkins, alichukua watu 46, kundi moja likala bamia, biringanya, oti, shayiri, soya na lozi kwa mwezi, kundi jingine likapewa statini, dawa ya kushusha kolestro, LDL ikashuka asilimia 28.6 kwa chakula na 30.9 kwa dawa. Ila wale walikuwa wanapewa karibu chakula chote. Watu walipoachwa wapike wenyewe makwao, kwenye utafiti wake wa 2011, ilishuka kama asilimia 13 kwa miezi sita, na hiyo ndo namba ya kuitarajia wewe na mimi.

Kwa hiyo kwetu ikawa hivi, asubuhi uji wa oti mara nyingi, mchana kikombe cha maharage au kunde au choroko bila nazi, jioni bamia au biringanya haikosekani, na mlenda mama anaupenda toka zamani. Karanga kiganja kimoja, zisizo na chumvi. Parachichi kwenye mkate badala ya siagi. Samaki mara mbili tatu kwa wiki, vibua au dagaa, wa kuchemsha au kupaka, wao wanasaidia zaidi trigliseridi. Ukishindwa kula nyuzi za kutosha, maduka ya Wahindi wanauza isabgoli, maganda ya mbegu yenye ute, kijiko kwenye glasi ya maji, kunywa upesi na maji mengine juu yake kwa sababu inavimba, na usinywe pamoja na dawa zako nyingine, acha masaa kadhaa.

Kutembea, mama anatoka baada ya alasiri nusu saa, siku tano kwa wiki. Mazoezi yanagusa HDL na trigliseridi kuliko LDL, ila tumbo likipungua vyote vinapata nafuu. Watu wanapenda kuniuliza mbona Wamasai wanaishi kwa maziwa na nyama na walipopimwa miaka ya 60 kolestro yao ilikuwa chini, sawa, lakini wale walikuwa wanatembea kutwa nyuma ya ng'ombe, hawashindi kwenye kiti. Sigara inashusha HDL, iache. Limau halina uwezo wa kuyeyusha mafuta kwenye mishipa, likamulie kwenye samaki. Kitunguu swaumu kinasaidia kidogo, kipike kwenye chakula kama kawaida.

Pima tena baada ya wiki 12, lab ileile. Kabla ya hapo utajisumbua tu. Mama alitoka 4.2 akafika 3.5, dokta akasema endelea hivohivo, tunarudi kila miezi sita. Na kama wewe umefanya kwa uaminifu miezi mitatu yote na namba haijasogea, usiongeze limau la pili, rudi mkaongee kuhusu dawa, na hiki chakula usikiache maana kinaifanya hata dawa ishushe zaidi.