Usukani mpya wa boti ndogo ya tanga, tuutengeneze hapa hapa Kigoma

Wadau wa tanga, kama usukani wa boti yako, yaani ule ubao wa nyuma unaoigeuza, umekatika usikimbilie kuagiza mwingine nje, huu unatengenezeka hapa hapa Kigoma na ukitulia unatoka imara kuliko wa zamani. Ila kabla hujagusa msumeno chukua ule uliovunjika uangalie umekatikia wapi. Mara nyingi ni chini kidogo ya hinji ya chini, pale ubao unapoachana na boti kuingia majini. Maji yanausukuma ubao wote wa chini, hinji imeukaba juu, basi nguvu yote ya kupinda inakusanyika hapo. Kazi yote hii ni kuilinda hiyo sehemu.

Mbao ni mninga tu, tena mkavu na wenye risiti. Haujipindi ovyo, unavumilia maji, na randa inapita vizuri. Fundi atakwambia chukua ubao mmoja mpana uchonge, usikubali. Pasua vipande vya upana wa sm 4 au 5, nyuzi zishuke wima toka juu mpaka chini, kila cha pili kigeuze juu chini ili visije vikavuta upande mmoja, na chenye jicho (fundo la tawi) tupa kabisa au kiweke mbali na ile sehemu ya kukatika. Plaiwudi siipendi kwa kazi hii maana karibu nusu ya matabaka yake nyuzi zimelala kwa upana, ubao ukipinda hazisaidii kitu, na kingo zake zinanyonya maji. Vaa barakoa wakati wa kupiga msasa, vumbi la mninga linasumbua sana kifua.

Gundi ya kuunga vipande iwe epoksi, ile ya sehemu mbili zinazochanganywa. Ile nyeupe ya makabati inalainika ikikaa majini, na rezini ya kawaida ya faiba haing'ang'anii mbao vizuri, kwa hiyo kama madukani hapa haipo agiza Dar uisubiri tu. Fuata vipimo vya kwenye kopo, changanya kidogo kidogo tena asubuhi, maana kwa joto letu la mchana ukichanganya nyingi inachemka kwenye kikombe inaganda kabla hujapaka. Na jiriwa za kubania vipande usikaze mpaka gundi yote ikatoka, kiungo kikikauka hakina nguvu.

Sasa umbo, hapa ndo watu wengi wanaharakisha. Mtazame samaki mgebuka kwa juu, mbele mnene wa mviringo halafu anapungua taratibu mpaka mkiani, basi ubao wako uwe hivyo. Ukiwa na upana wa sm 22, unene mkubwa uwe kama mm 26 na ukae sm 6 na nusu hivi toka ukingo wa mbele, ukingo wa nyuma uishie mm 2 au 3, usiuchonge kama kisu utamomonyoka. Kata kipimo cha hadibodi cha nusu ya umbo, ukipitishe upande huu na ule kila baada ya kuranda kidogo, maana pande zikitofautiana boti itavuta upande mmoja kila siku.

Likishakaa sawa funika kitambaa cha faiba cha gramu 200 kwa mita ya mraba na epoksi, tabaka mbili pande zote, halafu ile sehemu ya kukatika ongeza mbili zingine, zipande na kushuka kama sm 15, zisiishie mstari mmoja. Ukimaliza paka rangi au vanishi, jua linaila epoksi.

Matundu ya boliti toboa makubwa kwanza, mfano mm 12 kwa boliti ya 8, jaza epoksi iliyokolezwa na unga laini wa mbao, ikikauka toboa tena 8. Hivyo maji hayagusi mbao ndani. Boliti ziwe za stenlesi. Kabla ya kukaza hinji pitisha nondo nyembamba iliyonyooka kwenye matundu yote ya pini kwa pamoja, ikipita bila kulazimishwa basi zimekaa mstari mmoja, isipopita usukani utakuwa mgumu na pini zitalika haraka. Pini ya chini izidi ya juu kwa sm 1 au 2 ili uingize moja moja ukiwa majini. Weka na kizuizi juu, maana mninga unaelea, boti ikipinduka usukani unachomoka wenyewe.

Jaribio la kwanza fanyia ndani ya ghuba, hasa kipindi cha kusi, mwezi wa tano mpaka wa tisa huko nje ziwa linachafuka. Ukiongeza mwendo ukasikia kana (mkono wa kushikia usukani) inatetemeka na ubao unavuma, angalia kwanza kama pini zinacheza. Kama zimekaza, piga msasa ukingo wa nyuma upande mmoja ukae mshazari kidogo, jaribu tena.