Anza na kilomita: bajeti ya safari ya gari magharibi mwa Marekani

Kabla hujachagua mahali pa kuona, hesabu kilomita. Hivyo ndivyo ninavyopanga safari za wageni wanaotoka Nairobi kwenda Mara na Samburu, na ndivyo ninavyozipangia familia za hapa South B na Lang'ata zinazotaka kwenda kujiendeshea gari Nevada, Utah na Arizona. Kilomita hula mafuta, lakini kabla ya mafuta hula mchana. Mchana ukiisha barabarani, unalipia usiku mwingine. Familia nyingi huanza na orodha ya vivutio halafu ndipo hutafuta pesa za kuitosheleza, na mwisho wake ni mkopo wa sacco unaokatwa kwenye mshahara wakati watoto walishasahau hata rangi ya yale majabali. Jambo hilo huniuma, kwa sababu safari hii inawezekana bila deni.

Shemeji yangu aliniletea orodha yake ya siku kumi: Los Angeles, San Francisco, Yosemite, Yellowstone, Grand Canyon.

"Shemeji, si tutakuwa tumeshafika huko? Mbona tuiache Yellowstone?"

Nikamfungulia ramani. Kutoka Los Angeles hadi Yellowstone ni kama kilomita 1,600. Ni kwenda Mombasa mara tatu, na bado hujafika. Isitoshe, barabara nyingi za ndani ya Yellowstone hufungwa kwa magari ya kawaida kuanzia Novemba hadi katikati ya Aprili, kwa hiyo likizo ya Desemba haimfai hata kidogo. Tukaifuta. Tukafuta na San Francisco, Yosemite na Los Angeles. Ikabaki Grand Canyon, tukaijengea mzunguko mmoja mzuri ambao sasa humpa kila anayeniuliza: Las Vegas, mbuga za Zion na Bryce Canyon, mji mdogo wa Page, Grand Canyon upande wa kusini, kisha kurudi Las Vegas. Wote ni kama kilomita 1,300. Ongeza 300 za kuzunguka ndani ya mbuga na kutafuta chakula, zinakuwa 1,600, yaani maili 1,000. Kipande kirefu zaidi ni cha mwisho, Grand Canyon hadi Las Vegas, kilomita 450 hivi. Kwa kuanza na kumaliza mji uleule, unarudisha gari pale ulipolichukua na kukwepa ada ya kuliacha mji mwingine, ambayo inaweza kuwa kubwa kuliko mafuta ya safari nzima.

Wakati wa kwenda huamuliwa na shule. Kati ya likizo zetu tatu, mimi huchagua Aprili. Agosti, Las Vegas hupita nyuzi 40, na ni msimu wa mvua za ghafla: Agosti 1997 mafuriko yaliyotokana na mvua iliyonyesha mbali yaliua watalii 11 ndani ya Antelope Canyon, korongo jembamba la mawe karibu na Page. Desemba ni nafuu kwa malazi, lakini giza huingia mapema na Bryce hujaa theluji. Hata Aprili, beba jaketi nzito. Ukingo wa Bryce uko juu zaidi ya mita 2,400, na usiku wake si baridi ya Limuru.

Sasa pesa. Nitachukua familia ya watu wazima wawili na watoto wawili walio chini ya miaka 16, usiku nane. Tiketi za ndege na viza naziweka pembeni kabisa, kwenye akaunti yake, kwa sababu hizo hulipwa mapema na usipozitenga zitameza za barabarani. Ada ya maombi ya viza ya utalii ni dola 185 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo, na hairudishwi hata ukinyimwa. Jaza fomu ya DS-160 mapema, maana tarehe ya mahojiano pale Gigiri inaweza kuwa miezi mbele. Usinunue tiketi isiyorudishika kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti.

Mafuta ndiyo huwatia Wakenya hofu, kumbe ndiyo madogo. Galoni yao ni kama lita 3.8. Ukipanga dola 4 kwa galoni, lita moja inakuja karibu shilingi 140, chini ya tunavyolipa hapa. Gari la wastani linalokwenda maili 30 kwa galoni litakunywa galoni 33 hivi katika mzunguko huu. Weka dola 150, usilifikirie tena. California ni ghali zaidi, hiyo ikiwa ni sababu nyingine ya kuanzia Nevada.

Gari lenyewe huliwekea dola 100 kwa siku pamoja na bima. Hapa sibani. Bei unayoiona mtandaoni mara nyingi haina bima ya kukulinda ukimgonga mwenzako, na bili ya hospitali ya Marekani inaweza kuuza shamba la ukoo. Hakikisha una bima ya gari lenyewe na ya watu wengine, na ununue bima ya matibabu ya safari hapa Nairobi kabla hujaondoka. Nahesabu siku tisa zote, ingawa siku ya kushuka hulichukui: dola 900.

Malazi: dola 130 kwa usiku, kodi ikiwemo, chumba kimoja chenye vitanda viwili vikubwa. Moteli za kawaida huruhusu watu wanne, na nyingi hutoa kifungua kinywa bure. Ukweli ni kwamba kulala mlangoni pa mbuga hugharimu. Springdale, pale Zion, na Tusayan, pale Grand Canyon, ni ghali. Kwa hiyo lala Kanab, mji mdogo wa Utah ambao Zion, Bryce na Page zote unaweza kuziendea na kurudi siku hiyohiyo. Usiku tatu au nne Kanab bila kufungua na kufunga mizigo ni pumziko kwa mama na watoto. Kwa Grand Canyon, lala Williams, karibu kilomita 95 kusini. Jumla ya malazi dola 1,040.

Chakula, dola 100 kwa siku kwa wanne. Inatosha ukinunua kisanduku cha barafu siku ya kwanza na kuingia supamaketi kama unavyoingia Naivas: mkate, matunda, kuku wa kuchoma, maji mengi. Mkahawani mle mara moja kwa siku. Kumbuka bei ya kwenye menyu haina kodi ndani kama yetu yenye VAT. Juu yake kuna kodi, na juu ya kodi kuna bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 ambayo mhudumu anaitegemea kuishi. Sahani ya dola 20 ihesabu kuwa 25. Jumla, 900.

Halafu mbuga, na hapa somesha familia nzima, kwa sababu sheria imebadilika. Sisi tuna bei ya mwananchi na bei ya mgeni miaka yote, na tangu Januari 2026 Wamarekani nao wana yao. Kwenye mbuga 11 kati ya zile zenye watu wengi, Zion, Bryce na Grand Canyon zikiwemo, mgeni mwenye miaka 16 au zaidi huongezewa dola 100 kila mbuga, mbali na kiingilio cha gari cha dola 35. Fanya hesabu: watu wazima wawili, mbuga tatu, ni dola 600, na viingilio vya gari 105. Dola 705. Lakini pasi ya mwaka ya mgeni ni dola 250, na inawaingiza nyote mlio ndani ya gari. Nunua pasi. Mwenye pasi awe ndani ya gari na pasipoti yake mkononi.

Pasi hiyo haifanyi kazi kwenye ardhi ya Wanavajo, jamii ya wenyeji asilia wa Marekani. Antelope Canyon na Monument Valley ni zao, wanazisimamia wenyewe, na Antelope huingii bila mwongozaji uliyemlipa. Mimi hutenga dola 400 za familia na hulipa kwa moyo mweupe, kwani nawajua Wamasai wanaopigania haki hiyo ya kusimamia ardhi yao. Horseshoe Bend, hapohapo Page, hutaka dola 10 za kuegesha gari, na pasi haikubaliki pia.

Jumlisha: 900, 150, 1,040, 900, 250, 400. Ni dola 3,640. Ongeza asilimia 15 ya dharura, unafika kama 4,200. Kwa shilingi tafadhali usitumie kiwango cha leo. Dola imekaa karibu na 129 kwa muda mrefu, lakini mapema 2024 ilifika 160, na tofauti hiyo kwenye dola 4,200 ni kama shilingi 130,000. Panga kwa 135, yaani 567,000. Ukiwa na miezi 18, ni shilingi 31,500 kwa mwezi. Ziweke mahali ambapo M-Pesa haizifikii kwa kubonyeza mara moja, na kila robo mwaka ubadilishe sehemu ziwe dola, usisubiri wiki ya safari.

Kadi: kaunta ya magari itataka kadi ya mkopo ya plastiki yenye jina la dereva, na itazuia amana ya dola mia kadhaa. Kadi ya kwenye simu inakufaa kwa kulipia moteli, si pale. Chukua pia kibali cha kimataifa cha kuendesha gari kutoka AA ya Kenya, ukibebe pamoja na leseni yako.

Tofauti ya saa na Las Vegas mwezi Aprili ni saa 10. Siku ya kushuka lala, gari litachukuliwa kesho. Kule ni kulia, na indiketa iko mkono wa kushoto, pale ambapo magari yetu ya Kijapani huweka waipa, kwa hivyo zungusha gari kwenye maegesho mpaka mikono izoee. Taa nyekundu, unaruhusiwa kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kibao kikataze. Basi la shule likiwasha taa nyekundu, simama hata kama linakuja upande wako. Polisi akikusimamisha, baki ndani, mikono juu ya usukani. Usiku kuna swala wakubwa barabarani, hivyo fikeni kabla ya giza. Tangi likifika nusu, jaza. Pampu ikikuuliza namba ya posta ya Marekani, ingia ndani ulipie kwa mhudumu. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka mjini, mtandao hupotea kwa masafa marefu.

Jambo moja linalowakosesha watu pesa: saa. Utah iko mbele ya Nevada kwa saa moja mwaka mzima, na majimbo hayo mawili husogeza saa zao mbele mwezi Machi. Arizona haibadilishi saa zake, lakini Wanavajo walio ndani ya Arizona hubadilisha. Simu huchanganyikiwa. Ukishalipia Antelope ya saa nne asubuhi, muulize mwongozaji ni saa nne ya nani, na uandike jibu lake kwenye karatasi.

Siku ya kurudisha gari, jaza tangi karibu na uwanja wa ndege, piga picha ya geji ya mafuta na pande zote nne za gari, na usiondoke bila risiti. Ile amana huchukua siku kadhaa kurudi kwenye kadi, hivyo usiihesabu kwenye pesa za teksi ya kutoka JKIA.