Kupiga Kambi kwa RV katika Hifadhi Ndogo Tulivu: Mfano wa Copper Breaks, Texas

Hifadhi ya jimbo ya Copper Breaks iko kaskazini mwa Texas, kilomita zipatazo 20 kusini mwa mji mdogo wa Quanah, kando ya barabara ya 6 iendayo Crowell. Anayekwenda huko kwa RV, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, hufuata vilima vya udongo mwekundu, ziwa dogo na giza, kwa kuwa tangu 2014 hifadhi hiyo inatambuliwa kimataifa kwa anga lake lisiloharibiwa na taa. Utulivu huo unadai maandalizi, na sehemu kubwa ya maandalizi hufanyika nyumbani.

Hifadhi za jimbo la Texas hupokea maombi ya nafasi hadi miezi mitano kabla ya safari. Kabla ya kulipa, pima kwa tepu urefu wa gari lako pamoja na trela au gari dogo unalolivuta, kisha uulinganishe na urefu wa kiwanja unachokitaka. Hakikisha pia kiwanja kina umeme. Pale Copper Breaks, vyenye umeme viko katika eneo la kambi la Comanche. Kuhusu majira, napendekeza Oktoba au Novemba, kwa maana joto la Julai na Agosti hupita nyuzi 38 mara kwa mara. Chakula, mafuta na gesi ya kupikia vinunuliwe Quanah.

Viwanja huanza kupokea wageni saa nane mchana, nawe ujitahidi kufika kungali na mwanga. Unaporudi nyuma, mtu mmoja asimame pale unapomwona kwenye kioo, na mkubaliane mapema ishara ya mkono ya kusimama, kwa sababu sauti haisikiki vizuri injini ikinguruma. Gari likishaingia, weka pima maji sakafuni na uingize vibao chini ya magurudumu ya upande ulioinama hadi kiputo kikae katikati. Friji nyingi za gesi hazifanyi kazi sawasawa zikiwa zimeinama. Kisha kaza kabari kwenye magurudumu, na hapo ndipo unaweza kulifungua trela kutoka kwenye gari linalolivuta.

Umeme ndio huwashangaza wengi wetu tuliozoea nyumba. Zima kwanza swichi ya breka, yaani ile inayokata umeme ukizidi, kwenye nguzo ya umeme ya kiwanja, chomeka plagi, ndipo uwashe. Nguzo ya ampia 30 kwa volti 120 hutoa wati 3,600 tu. Kiyoyozi huweza kula wati 1,500, birika la umeme 1,500 nyingine, na maikrowevu zaidi ya 1,000. Safari yangu ya kwanza niliviwasha vyote vitatu wageni wakisubiri chai, breka ikakata, nikatoka na tochi kutafuta nguzo gizani. Tangu siku hiyo chai yangu ya kambini huchemka kwenye gesi.

Kwa maji, tumia mpira maalumu wa maji ya kunywa, na ufunge kipunguza presha moja kwa moja kwenye bomba la hifadhi ili mabomba membamba ya gari yasipasuke.

Usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni saa za ukimya, kwa hiyo jenereta na muziki vizimwe. Zima pia taa za nje, na anayekwenda chooni atumie tochi yenye mwanga mwekundu, usioharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza. Turubai la kivuli likunjwe kabla ya kulala, maana upepo wa huko hauna hodi. Mchana, angalia ng'ombe wa Texas wenye pembe ndefu wanaofugwa hifadhini. Aliyekulia karibu na ng'ombe wa Ankole atawatazama kwa jicho la mjuzi.

Maji taka ndiyo kazi ya mwisho. Muda wote wa kambi vali ya tangi la choo ibaki imefungwa, kwani ikiachwa wazi maji hutiririka na uchafu mzito hukauka chini. Sisi tunaotawadha kwa kopo tuna nafuu hapa: maji mengi hulainisha uchafu, ingawa tangi hujaa mapema. Vitambaa vya unyevunyevu visitumbukizwe kamwe. Siku ya kuondoka, kabla ya saa sita mchana, nenda kwenye kituo cha kumwagia, vaa glavu, unganisha mpira mnene na ufungue vali ya choo kwanza. Tangi likiisha, lifunge, ndipo ufungue lile la maji ya sinki na bafu, ambayo yatausuuza mpira huo. Bomba lililo kituoni hapo ni la kuoshea tu. Usijaze nalo tangi la maji ya kunywa, wala usiliguse kwa mpira wako wa maji safi.