Jino Linapong'oka Ghafla, na Dharura Nyingine za Kinywa: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kumfikia Daktari

Katika miaka yangu ya kutibu meno nimepokea wagonjwa wengi waliokuja na jino lililong'oka likiwa limeviringishwa kwenye karatasi kavu, limesuguliwa hadi likang'aa, wenyewe wakiamini kwamba wamelitunza vyema. Huniuma kila mara, kwa kuwa jino hilo lingeweza kurudishwa mahali pake na kuishi. Kwa hiyo ninaanza na jino lililong'oka, kwani ndiyo dharura ambayo mtu aliye karibu na majeruhi huwa na uwezo mkubwa kuliko daktari.

Hatua ya kwanza ni kumtazama majeruhi mwili wote kabla ya kulitazama jino. Ikiwa amepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anatapika, au taya limeumia kiasi kwamba meno hayakutani kama kawaida, apelekwe hospitali kwanza. Vilevile, jino lisipoonekana popote, mwelezeni daktari, kwa sababu huenda limevutwa hadi kwenye njia ya hewa.

Hatua ya pili ni kutambua aina ya jino. Jino la utotoni halirudishwi kamwe, kwani linaweza kulidhuru jino la ukubwani linalokua chini yake. Mtoto aonwe na daktari, lakini pengo liachwe lilivyo. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kuota katika umri wa miaka 6 au 7, hivyo kwa mtoto wa umri huo, kama huna hakika, usilirudishe, bali lihifadhi kwenye maziwa na umwachie daktari aamue.

Hatua ya tatu inahusu jino la ukubwani. Lishike kwenye sehemu nyeupe inayoonekana mdomoni, wala usiguse mzizi, kwa sababu juu ya mzizi huo umebaki utando mwembamba wa seli hai ambao ndio utakaolishikisha tena kwenye mfupa. Likiwa na uchafu, lisuuze kwa muda mfupi tu kwa maziwa au kwa mate ya majeruhi mwenyewe. Usilisugue, usitumie sabuni wala dawa ya kuua vijidudu. Kisha lirudishe taratibu kwenye tundu lake, upande wa mbele ukielekea nje, kwenye midomo, ulisukume kwa kidole hadi lilingane na jirani yake, halafu majeruhi aume kitambaa safi ili lisitoke. Najua wengi huogopa hatua hii, lakini kurudishwa papo hapo ndiko kunakolipa jino nafasi nzuri zaidi.

Ikishindikana, litie kwenye maziwa baridi. Maji ya kawaida hayafai kulihifadhi, kwa kuwa huingia ndani ya seli za mzizi zikavimba na kupasuka, ilhali maziwa yana uwiano wa chumvi unaozivumilisha kwa muda. Maziwa yasipopatikana, majeruhi ateme mate kwenye kikombe na jino liwekwe humo. Jino likikaa kavu kwa dakika 60, seli hizo huwa zimekufa karibu zote, na hata nusu saa ni muda mrefu. Kwa kawaida daktari atalifunga kwa waya mwembamba kwa takriban wiki 2 na, ikiwa mzizi ulikwishakomaa, atausafisha kwa ndani na kuuziba.

Jino likivunjika, hifadhi kipande kwenye maziwa au maji, kwani mara nyingi huweza kubandikwa tena.

Damu isiyokoma baada ya kung'oa jino huhitaji subira. Kunja shashi safi iliyoloweshwa kidogo, iweke juu ya tundu lenyewe, uiume kwa nguvu kwa dakika 30 bila kuitoa ili kuchungulia, kwa sababu kila kuchungulia huliondoa donge la damu linaloanza kuganda. Usisukutue kwa saa 24. Ikiendelea kutiririka, rudi kwa daktari, na umtajie dawa zozote za kuzuia damu kuganda unazotumia, lakini usiziache kwa uamuzi wako.

Kwa maumivu makali, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha meza dawa ya maumivu kwa kipimo kilichoandikwa. Usiweke aspirini juu ya ufizi, kwa maana huuunguza. Antibiotiki za dukani nazo haziondoi chanzo kilichomo ndani ya jino; hukuchelewesha tu.

Uvimbe ndio unaonitia hofu kuliko yote. Usaha wa jino la chini unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, ukainua ulimi na kubana njia ya hewa katika muda wa saa chache. Usikande uvimbe kwa kitu cha moto wala usiutoboe. Mgonjwa akishindwa kumeza mate, akibadilika sauti, akishindwa kufungua kinywa, akipata shida ya kupumua, au uvimbe ukifikia jicho au shingo, usingoje asubuhi wala miadi ya kliniki ya meno: mpeleke moja kwa moja kwenye idara ya dharura ya hospitali, akiwa ameketi wima, na asilazwe chali njiani.