Leza ikigongana na elektroni: namna ya kupata gama na kuipanga utakavyo

Wengi wakisikia habari ya kutengeneza gama, yaani mwanga wa nishati kubwa sana, kwa kugonganisha leza na elektroni, wanadhani kazi kubwa iko kwenye leza. Hapana, leza ni ya kawaida tu, mwenye nguvu hapa ni elektroni.

Chukua elektroni za MeV 500 (MeV ni kipimo cha nishati, sawa na eV milioni moja) kutoka kwenye akseleta, mashine ya kuongeza kasi ya elektroni, zikutanishe uso kwa uso na leza ya infraredi ya nanomita 1064. Fotoni yake, yaani chembe moja ya mwanga, ina eV 1.17 tu, lakini ikigonga na kurudishwa ilikotoka inaondoka na karibu MeV 4.4, yaani imekuzwa karibu mara milioni 4! Sasa pandisha elektroni hadi MeV 1000, gama haiwi mara mbili, inakuwa karibu mara nne, kama MeV 17.6 hivi. Ukibadilisha leza iwe ya kijani ya nanomita 532 unapata kama mara mbili tu, so ukitaka kubadili gama anza na elektroni. Na uso kwa uso nimesema makusudi, zikikutana kwa digrii 90 nishati inashuka nusu.

Kuzikutanisha ndo pagumu. Fotoni nyingi mno zinapita bila kugusa kitu, kwa hiyo boriti zote mbili, yaani mkondo wa elektroni na wa mwanga, unazibana hadi mikromita makumi kadhaa na zifike sehemu moja kwa wakati mmoja, na ukumbuke kwa pikosekunde 10 tu (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde) mwanga ushasogea milimita 3, kwa hiyo saa ya leza na ya akseleta lazima zifungwe pamoja. Fotoni zilizokosa usizipoteze, weka vioo zirudi tena na tena. Pale HIGS, kituo cha gama cha Duke University, Marekani, wana ujanja naupenda sana: elektroni zinazozunguka kwenye ringi ndo zenyewe zinatoa leza, vioo vinairudisha ije igonge elektroni zinazofuata.

Baada ya kugongana weka sumaku ikunje elektroni pembeni, gama haina chaji so inanyoosha mbele kwenye koni nyembamba, kwa mfano wetu wa MeV 500 kama miliradiani 1, yaani milimita 1 pembeni kwa kila mita 1 mbele. Katikati ya koni nishati ni ya juu kabisa, ukitoka miliradiani 1 pembeni imebaki nusu. Hapo ndo pa kuchuja. Umbali wa mita 20 weka bloku nene ya madini ya risasi yenye tundu la milimita 4, na zitakazopita zitatofautiana nishati kwa asilimia 1 hivi tu kwa sababu ya pembe. Gharama yake ni kwamba umebakiwa na asilimia 1 au 2 ya gama zote, zingine zimeishia kwenye risasi, na hakuna njia ya mkato. Ila kama elektroni zenyewe zinatofautiana nishati kwa nusu asilimia, gama itatofautiana kwa asilimia 1 nyingine, na kwa hiyo tofauti tundu haliwezi kukusaidia.

Polaraizesheni, yaani uelekeo wa mtetemo wa mwanga, ni rahisi, geuza ya leza na ya gama inafuata.

Kupima nishati ya gama, punguza boriti kwanza kwa vipande vya shaba maana ditekta, kifaa cha kuzinasa, itazidiwa, halafu rekodi leza ikiwa imezimwa na ikiwa imewaka. Kinachoonekana leza ikiwa imezimwa ni uchafu, mwingi unatoka kwa elektroni kugonga gesi iliyobaki ndani ya bomba, uondoe kwenye rekodi ya leza ikiwa imewaka. Kinachobaki kina ukingo mkali upande wa juu, na ukingo huo unakwambia nishati halisi ya elektroni zako, mara nyingine vizuri kuliko mita za sumaku za akseleta. Na chumbani asibaki mtu, mlango ukifunguliwa boriti ijizime yenyewe.