Safari ya siku moja Kisumu: msikiti, gurdwara, Kit Mikayi, kopo la kusaka na kuogelea

Mwalimu wa shule ya Jumapili aliyenipigia wiki jana alitaka kujua kitu kimoja: vijana 24, Jumamosi moja, nitawapeleka wapi wasianze kulia njaa na uchovu kabla ya saa sita? Nilimweleza mpaka salio likaisha. Haya ndiyo mengine.

Hatua ya 1: Siku na gari

Jumamosi, nissan mbili za abiria 14. Ijumaa adhuhuri msikitini hakuna nafasi ya wageni. Kama ninyi ni Wasabato, chukueni Jumapili.

Hatua ya 2: Ruhusa

Nenda mwenyewe siku chache kabla, usipige simu. Msikiti wa Jamia na gurdwara, yaani hekalu la Masingasinga, zote ziko mjini, asubuhi moja inatosha. Kila mtu abebe leso: gurdwarani hata wavulana wanafunika kichwa, viatu vinabaki nje, na mwenye sigara mfukoni aiache garini. Mkikaribishwa langar, kaeni chini mle. Ni chakula cha bure kwa yeyote, awe wa dini gani. Pakua unachoweza kumaliza.

Hatua ya 3: Kopo

Jiokachi (geocaching) ni mchezo wa kuficha kopo lenye daftari, kutoa namba za GPS, na wengine kulisaka. Ulianza Mei 2000, siku moja baada ya Marekani kuacha kuivuruga makusudi ishara ya GPS ya raia. Mimi huwafichia vijana makopo yangu mwenyewe. Tumia kontena ya plastiki yenye klipu, si mkebe wa majani ya chai, mvua moja tu unashika kutu. Weka penseli, kalamu hufifia kwenye karatasi yenye unyevu. Peremende usiweke, sisimizi watafika kabla yenu. Na usifiche chochote karibu na geti la msikiti au kanisa: askari akiona boksi limesukumwa kwenye ua, hatafikiria mchezo.

Hatua ya 4: Namba (soma mara mbili)

Hapa ndipo nilipoteza saa mbili na nusu.

Wachezaji huandika digrii na dakika, mfano S 00° 06.250' E 034° 33.300'. Ramani nyingi za simu zinataka digrii zenye nukta. Nilidhani ni kuhamisha nukta tu, nikatuma -0.06250 na 34.33300 kwa nissan ya pili. Dakika ni 60 katika digrii, si 100. Unagawa: 6.250 kwa 60 ni 0.104167, na 33.300 kwa 60 ni 0.555. Kwa hivyo namba sahihi ni -0.104167, 34.555. Kosa langu liliwapeleka kilomita 25 hivi magharibi, wakasimama kando ya shamba la mtama. Mzee mwenye shamba akawauliza, "Watoto wangu, mnanunua ng'ombe?" Wakamjibu, "Hapana mzee, tunatafuta kopo." Aliwaitia mkewe aje aone.

Halafu kuna ile alama ya kutoa, inayosimama badala ya S, yaani kusini mwa Ikweta. Kwingine duniani ukiisahau, simu inakuonyesha bahari au nchi nyingine na unajua umekosea. Sisi Ikweta inapita hapo Maseno tu. Ukiiacha, unarushwa kilomita 23 hivi kaskazini, upande wa Yala, na ramani inaonyesha barabara, shule na soko kama kawaida. Hakuna kitakachokushtua. Kwa hivyo:

- Tumia OsmAnd, programu ya ramani ya simu. Inakubali digrii na dakika moja kwa moja, huhitaji kugawa chochote. Pakua ramani nyumbani, GPS yenyewe haili bando.
- Andika S au N kwa herufi, na mwenzako akusomee kwa sauti.
- Angalia umbali kabla gari halijang'oa. Kutoka mjini mpaka jiwe la Kit Mikayi ni kilomita 30 hivi, ukipinda Kisian kuelekea Bondo. Ikisema 50, shuka uhesabu upya.

Mkikaribia, simu itayumba mita tano au zaidi, hasa chini ya miamba. Acheni simu, tumieni macho.

Hatua ya 5: Kit Mikayi

Jiwe lina urefu wa mita 40 hivi. Jina ni la Kijaluo, jiwe la mke wa kwanza: inasimuliwa mzee mmoja alilipenda hata akashinda pale kila siku, mkewe akimpelekea chakula. Mtawakuta watu wamefunga na kuomba mapangoni, wengi wa kanisa la Legio Maria. Lipeni kiingilio, mfuateni mwongozaji wa pale, na kopo lifichwe mbali na wanaoomba.

Hatua ya 6: Kuogelea

Bwawa la hoteli, basi. Ziwani siwapeleki watoto wa watu: konokono wa kichocho wanakaa kwenye maji ya ukingoni yenye magugu, ugonjwa unaingia kupitia ngozi bila kumeza tone, na viboko wako. Uliza mapema kama kuna mwokoaji na kama fulana zinaruhusiwa majini. Sisi hatukuuliza, na vijana saba walikaa ukingoni jioni nzima wakiwashikia wenzao simu.