Kabla ya Kupeleka Hoja Serikalini: Mambo ya Kuzingatia kwa Wenye Shughuli za Mikutano na Safari za Kikazi Zanzibar

Kila inapotoka kanuni mpya inayowagusa wageni wanaoingia Zanzibar, wenye hoteli, mawakala wa safari na waandaaji wa mikutano hukutana kwa haraka, hunung'unika, kisha huandika barua na kuipeleka kwa kiongozi wanayemfahamu zaidi. Barua hiyo mara nyingi ina hoja ya kweli ndani yake, lakini hufika katika afisi isiyohusika, wakati bajeti imeshapitishwa, na haina hata tarakimu moja inayomhusu yule anayesemewa. Makala haya yanaeleza ya kutayarisha kabla barua haijaandikwa, hasa pale anayetetewa ni msafiri wa kikazi: mshauri, mkaguzi wa hesabu, fundi wa mitambo au mjumbe wa mkutano, ambaye mipango ya utalii ya visiwa hivi imezoea kumhesabu pamoja na mtalii wa fukwe.

La kwanza, na ndilo linalokosewa zaidi, ni kujua jambo lenyewe liko mikononi mwa serikali ipi. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inataja mambo 22 ya Muungano, na utalii haumo. Ndiyo maana Zanzibar ina wizara yake ya utalii, Kamisheni yake ya Utalii, na Sheria yake ya Utalii Namba 6 ya mwaka 2009. Lakini uhamiaji umo katika orodha hiyo, na usafiri wa anga umo, na bandari, na sarafu, na kodi ya mapato ya watu binafsi na mashirika. Kodi ya ongezeko la thamani haimo, hivyo Zanzibar ina sheria yake, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, iliyochukua nafasi ya iliyokuwa Bodi ya Mapato. Matokeo yake ni kwamba mjumbe mmoja anayeshuka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume hushughulikiwa na serikali mbili kabla hajafika kwenye teksi, na malalamiko yake hayana budi kugawanywa vivyo hivyo.

Tuchukue viza. Viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50 kwa wageni wa nchi nyingi, ilhali viza ya biashara, anayotakiwa kuwa nayo anayekuja kwa muda mfupi kurekebisha mitambo, kufanya ukaguzi au kutoa huduma ya kitaaluma, ni dola 250 na haivuki miezi mitatu. Anayeona kuwa tofauti hiyo inawafukuza wateja wake ana haki ya kusema, lakini ajue kuwa mwenye uamuzi ni Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kupitia Idara ya Uhamiaji, na kwamba waziri wa utalii wa Zanzibar anaweza kumuunga mkono tu. Barua inayomtaka waziri huyo apunguze ada ya viza hujibiwa kwa adabu na kuwekwa kwenye jalada. Barua inayomwomba aibebe hoja hiyo katika vikao vya mashirikiano vya serikali mbili, ikiwa na mifano ya aina za wageni walioamriwa kulipa dola 250 ilhali walikuja kusikiliza mada kwa siku mbili, inampa kazi anayoiweza.

Bima ya wageni ni kinyume chake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar hukata bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar, ZIC, kwa dola 44, nayo humkinga kwa muda usiozidi siku 92. Huu ni uamuzi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na mlango wake uko hapa hapa Unguja. Kwa familia inayokaa wiki mbili Nungwi au Paje, kima hicho hupotea ndani ya gharama nyingine. Kwa mwandaaji anayeleta wajumbe 120 kutoka nje kwa mkutano wa siku mbili, ni dola 5,280 zinazoingia katika makisio kabla ya ukumbi, chakula na usafiri kuhesabiwa, na wajumbe wengi wa aina hiyo tayari wana bima ya safari iliyolipwa na waajiri wao.

Hapa pana jambo la kutafakari kabla ya kukaza sauti. Serikali nayo ina hoja yake, kwa sababu mgeni anayeumia na asiye na bima huacha deni hospitalini na usumbufu kwa ubalozi wake, na mwandaaji mwaminifu anajua kuwa katika kundi lolote hawakosekani wawili watatu ambao hawana bima yoyote. Kuomba bima ifutwe, kwa maoni yangu, ni kupoteza barua. Lililo ndani ya uwezekano ni kuomba kiwango cha chini kwa anayekaa siku chache, au utaratibu wa kuitambua bima ya mwajiri inayotoa kinga sawa au zaidi, au malipo ya pamoja kwa kundi ili wajumbe wasipange foleni uwanjani. Kwa kuwa bajeti ya Muungano ya mwaka 2025/26 nayo ilileta pendekezo la bima kama hiyo kwa wageni kutoka nje ya nchi wanaoingia Bara, ile hoja ya zamani kwamba Zanzibar inajibebesha mzigo peke yake imepungua nguvu. Iliyo bora sasa ni kwamba mjumbe anayefanya kikao Dar es Salaam Jumatatu na Unguja Jumatano asitozwe mara mbili kwa hatari ile ile.

Jambo jingine linalohitaji matayarisho ya mapema ni bei na risiti. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutangaza na kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na kwa kuwa sarafu ni jambo la Muungano, zinamhusu pia mwenye ukumbi wa Mjini Unguja aliyezoea kuandika bei kwa dola. Kabla hajakwenda kulalamikia kanuni nyingine yoyote, na apitie karatasi zake za bei, maana ni aibu kufika mbele ya afisa ukiwa na kielelezo ambacho chenyewe kinavunja kanuni. Kuhusu risiti, Zanzibar inatumia mfumo wake wa kielektroniki, VFMS, ambao si ule wa mashine za EFD wa Bara, na mhasibu wa kampuni ya Dar es Salaam iliyofanya kikao chake hapa atauliza ile kodi ya ongezeko la thamani iliyolipwa Zanzibar ataiweka wapi katika hesabu zake. Swali hilo lapaswa kuulizwa kwa maandishi kwa ZRA na kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa pamoja, na majibu ya pande zote mbili yaambatanishwe na hoja. Pale majibu yanapogongana, mgongano huo wenyewe ndio ushahidi.

Sasa tarakimu, ambako ndiko hoja nyingi zinakovunjika. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Zanzibar, hutoa takwimu za wageni kila mwezi, na picha yake ya jumla inafahamika: wageni 538,264 mwaka 2019 kabla ya janga la korona, 638,498 mwaka 2023, na 736,755 mwaka 2024. Anayefika wizarani akisema kuwa ada zinawafukuza wageni ataonyeshwa ngazi hiyo inavyopanda, na mazungumzo yataishia hapo. Ni lazima msafiri wa kikazi atolewe ndani ya jumla hiyo na asimame peke yake, na kazi hiyo serikali haiwezi kuifanyia kila hoteli. Daftari la mapokezi linaonyesha nani alilipiwa na kampuni au shirika, alilala usiku mingapi, mwezi gani, na alitumia nini nje ya chumba. Jalada la makisio linaonyesha ni mikutano mingapi iliyoulizia ukumbi kisha ikaenda kwingine, na barua za kukataa husema sababu. Hoteli tano zikikusanya haya kwa miaka miwili kwa fomu moja, majina ya wageni yakiwa yameondolewa, zitakuwa na kitu ambacho hakimo katika jedwali lolote la serikali.

Katika tarakimu hizo mwezi ndio wenye uzito kuliko yote. Mtalii wa fukwe huikimbia masika, na kuanzia Aprili hadi Mei baadhi ya hoteli za pwani ya mashariki na kaskazini hufunga milango na kuwapa wafanyakazi likizo isiyo na malipo. Mkutano hauogopi mvua, kwa kuwa wajumbe hukaa ndani, na mwandaaji hufurahia bei ya msimu huo. Mwenye hoteli akiweza kuonyesha kwamba mikutano ya masika iliyaweka kazini majina kadhaa katika orodha yake ya mishahara, atakuwa anazungumza lugha ambayo waziri na mjumbe wa Baraza la Wawakilishi wote wanaielewa, kwa sababu wafanyakazi hao wanatoka Bwejuu, Jambiani na Matemwe na wana wazee na watoto wanaowategemea. Ikumbukwe lakini kwamba Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, na miaka inayoangukia karibu na masika hupunguza mikutano kwa sababu isiyohusiana na sera. Asiyeitenganisha sababu hiyo na ada atasahihishwa na afisa wa kwanza atakayeisoma hoja yake.

Wakati wa kupeleka hoja nao una hesabu yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Baraza la Wawakilishi huko Chukwani hukaa kikao cha bajeti kabla ya hapo, ambapo viwango vipya vya kodi na ada hupitishwa. Anayeanza kulalamika Juni amechelewa. Wizara huanza kukusanya mapendekezo yake miezi mingi nyuma, na hoja iliyofika kabla ya mwaka wa kalenda kumalizika ndiyo yenye nafasi ya kusomwa kwa utulivu na kufikishwa hadi kwenye kamati. Muda huo huo ndio wa kuombea kipindi cha mpito. Mikutano mikubwa huwekewa mkataba mwaka mmoja au miwili kabla, na ada inayotangazwa muda mfupi kabla ya kuanza kutumika humwangukia mwandaaji ambaye ameshakubaliana bei na wateja wake. Ombi kwamba mikataba iliyosainiwa kabla ya tangazo iheshimiwe kwa viwango vya awali halipunguzi mapato ambayo serikali tayari inayapata, bali huichelewesha nyongeza tu, na kwa hiyo ni miongoni mwa maombi mepesi kukubaliwa.

Kuhusu nani aseme, barua ya hoteli moja huonekana kuwa ni ya maslahi yake. Jumuiya ya wawekezaji wa utalii, ZATI, na ile ya watembezaji watalii, ZATO, pamoja na Jumuiya ya Wafanyabiashara, zina njia za kufikisha hoja hadi Baraza la Biashara la Zanzibar, ambalo mwenyekiti wake ni Rais wa Zanzibar. Ni vyema pia wakalimani, madereva, wapishi na wenye vyombo vya sauti waandike kurasa zao, kwani kundi hilo linaishi kwa mikutano na mara chache huulizwa. Wale wanaopenda kuutaja mfano wa Kigali, mji unaovutia mikutano mingi ya kimataifa, wautaje kwa tahadhari: Rwanda huamua viza, kodi na utalii wake mezani pamoja, jambo ambalo Zanzibar haiwezi kulifanya. Kituo cha mikutano cha AICC cha Arusha kinafaa zaidi kulinganishwa nasi, kwa kuwa wageni wake hupita katika uhamiaji ule ule.

Zawadi ziachwe kabisa. Kumlaza afisa hotelini bure ati aje kujionea hali ni kumtia yeye na wewe katika maswali ya mamlaka ya kuzuia rushwa, ZAECA, na kuichafua hoja iliyokuwa safi. Afisa anayetaka kuona ukumbi aletwe mchana, kwa barua rasmi iliyopitia kwa katibu mkuu wake.

Mwisho, Pemba iulizwe kabla ya hoja kusainiwa. Mikutano ya huko ni ya aina yake: semina za miradi, mafunzo ya skuli na afya, vikao vya mashirika, na mgeni wake hukwama zaidi kwenye kiti cha ndege ndogo ya kwenda Chake Chake au ratiba ya boti kuliko kwenye bima. Usafiri wa anga ukiwa ni wa Muungano na vyombo vingi vya baharini vikiwa na wamiliki binafsi, hoja ya Pemba inahitaji barua yake, kwa afisi nyingine, na isifungwe ndani ya aya ya mwisho ya barua ya Unguja.